Virusi vya kwenye kiwavi, jina linatoka wapi?

SWALI: Daktari, mahindi yangu huku Kiryandongo, Uganda, nimekuta viwavijeshi wamekufa wananing'inia kichwa chini, ukiwagusa ngozi inapasuka inatoa majimaji. Muuza dawa mmoja kaangalia picha kwa simu akasema ni virusi vya fall armyworm (ndiye huyu kiwavijeshi), akaniuzia chupa ya virusi hivyohivyo nipulizie. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, kwa dalili hizo nami nahisi bakulovirusi, yaani virusi vinavyoua wadudu, hasa viwavi, maana aliyeuawa na kuvu hukauka akawa mgumu na unga juu. Lakini jina kalitoa wapi kwa picha ya simu? Mimi na hadubini yangu naona vichembe vinang'aa tu, vya kiwavi huyu na vya yule vinafanana, jina linakuja mpaka tusome jeni za virusi, kama zile ziitwazo polh na lef-8, tulinganishe na zilizoshasomwa.

Na hapa ndo watu wananichosha, hata waliosoma: wakikuta virusi ndani ya mdudu, basi ni vya mdudu huyo. Jamani! Kiwavi kala jani, tumboni ana virusi vya mahindi, pengine kabeba mtoto wa nyigu (kuna nyigu hutaga ndani ya kiwavi) aliyekuja na virusi vyake, ukimsaga mzima ukasoma jeni zote zilizomo vyote vinatoka kwa kompyuta. Inzi weupe wa muhogo si mnawajua, wanabeba virusi vya ugonjwa wa batobato kutoka shina hili hadi lile na wenyewe hawaumwi. Hata jina lenyewe linapotosha, kuna bakulovirusi moja, AcMNPV, imeitwa kwa nondo wa Marekani Autographa californica lakini inaua viwavi wa aina kibao. Ukitaka nikubali, lisha viwavi wazima hivyo virusi, wafe vilevile, tuvikute tena ndani yao. Nitumie wako, kila mmoja kichupa chake, weka friza, usiwachanganye.

Chupa isiyosema ni virusi gani na vingapi kwa mililita, wala haina usajili wa Wizara ya Kilimo, usinunue. Kiwavi akila virusi vya kweli anaendelea kutafuna siku kadhaa kabla hajafa, tena mkubwa ndo anachelewa zaidi. Juzi mkulima kaniletea chupa ya "virusi", nikajaribu kwa viwavi wangu wa maabara, dakika kumi wote chali na chumba kinanuka dawa ya kupe.