Flash wawili, dunia mbili
Mdogo wangu, umeuliza iweje Jay Garrick na Barry Allen wote wawe Flash, yule shujaa wa katuni mwenye kasi ya ajabu, na hakuna wa uongo. Jibu liko kwenye toleo namba 123 la The Flash, mwaka 1961. Barry anatetemesha mwili kwa kasi mno, anajikuta dunia nyingine, kwa Jay yule wa kofia ya chuma yenye mabawa, ambaye Barry alimjua kwenye vitabu vya katuni tu! Dunia hizo zimekaa mahali pamoja, zinatofautiana mtetemo. Chukua redio ya daladala hapa Dodoma: stesheni zote zimo hewani humo humo, ukigusa kitufe unasikia nyingine. Mwaka 1985 DC, wachapishaji wa katuni hizo, wakaanza kuziunganisha ziwe moja, eti zinachanganya wasomaji. Mimi zilinikolea zikiwa nyingi.