Mufwankolo bila lupango?

Mmeuliza wiki hii: mchezo gani wa kuchekesha wa televisheni ya Lubumbashi ungependa urudishwe hewani? Jina mnalijua. Mufwankolo, yule mchekeshaji na kundi lake, nani mwingine? Ila mnauliza kana kwamba mchezo wote ulikuwa ndani ya kioo.

Kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, televisheni ilikuwa moja kwa lupango lote, yaani nyumba nyingi za uwanja mmoja. Jioni ya mchezo mwenyewe aliitoa nje, watoto wakakaa chini, wamama kwenye viti walivyokuja navyo, wababa nyuma, wamesimama, wakijifanya wapita njia. Siku moja ilikuwa habari ya bwana aliyekunywa mshahara wote, akamwambia bibi yake kwamba ameibiwa kwenye basi. Sasa kwetu alikuwako baba mmoja ambaye mwisho wa mwezi baiskeli yake ilijua yenyewe njia ya lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Lupango lote likageuza shingo. Bibi yake hakucheka, alisema polepole: “Ona, banakuonyesha.” Na bwana wake, kwa hasira, mbele ya watu wote: “Ule haiko miye! Miye nilisemaka basi ya Kenya, ye anasema ya Kamalondo!”

(Kenya na Kamalondo ni mitaa ya Lubumbashi.) Mchezo uliishaje, hakuna aliyesikia. Watoto wakamwita Basi ya Kenya. Shemeji zake pia. Mwishowe kwenye matanga alijitambulisha hivyo mwenyewe. Na mwezi uliofuata bibi alimngojea kwenye mlango wa kazi, yeye na wamama wengine watatu ambao, nadhani, nao waliwahi kusikia habari za mabasi.

Ndiyo nguvu ya ile trupu, lile kundi la Mufwankolo: mtu wao alikuwa mtu wa hivi hivi, mwenye madeni na uongo mdogo. Hata mwaka 1986, walipotengeneza mchezo kutokana na ule msemo “le pouvoir se mange entier”, yaani madaraka huliwa mazima, baada ya Johannes Fabian, yule mwanaanthropolojia, kuwauliza maana yake, walikwenda kuuchezea kijijini Kawama, na mkubwa wao alikuwa chifu wa kijiji tu. Wakati wa Mobutu, aliyetaka kuelewa zaidi alielewa kimyakimya.

Kwa hiyo nilikaa kuandika kwamba msirudishe kitu. Leo kila mtu na simu yake, masikio yamezibwa. Utamgeuzia nani shingo? Lakini familia yetu imetawanyika Likasi, Kolwezi, mpaka Ubelgiji, na mpwa wangu akituma kichekesho asubuhi, kabla ya saa sita mjomba fulani ameshatajwa na ameshakasirika. Sijui niite hiyo nini kama si lupango.

Basi, rudisheni. Ila msikate kile Kiswahili chetu ili kionekane safi, msiweke maandishi ya Kifaransa chini, na msirushe saa tano usiku watu wamelala. Na familia za wachezaji zilipwe kwanza, kabla hamjaanza kutafuta matangazo ya bia.