Maswali na majibu: Kirusi kinapolala ndani ya seli ya kuku

Maswali ya safari hii yote yanahusu mahepe, ugonjwa wa kuku ambao daktari wa mifugo József Marek aliueleza mwaka 1907 baada ya kuona majogoo waliopooza. Unaletwa na kirusi cha jamii ya herpesi, na kama ndugu zake wengi, kirusi hiki hakitoki mwilini kikishaingia.

Kuku ameambukizwa lakini anakula na kunywa vizuri. Kirusi kiko wapi?

Kimo ndani ya chembe nyeupe za damu. Kuku hukivuta puani pamoja na vumbi la banda, na seli za ulinzi zilizo mapafuni hukibeba hadi kwenye wengu na tezi nyingine za kinga. Huko huanza na seli B, aina ya chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, kikizaana na kuziua kwa siku chache. Seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe, zinazokuja kupambana nacho nazo huambukizwa, na kadiri ya wiki moja baada ya maambukizi, ndani ya seli T hizo, kirusi hutulia. Seli hizo huzunguka na damu mpaka kwenye ngozi. Hapo, kwenye mashina ya manyoya, hutengenezwa virusi kamili vinavyodondoka na magamba ya ngozi na kuwa vumbi jipya. Kwa hiyo kuku wako mzima anaweza kuwa anaambukiza wenzake.

Mnaposema "kimelala", kinafanya nini hasa?

Swali hili ndilo linalonifanya niipende kazi hii. Virusi vingi vya herpesi hulala kama duara la DNA linaloelea ndani ya kiini cha seli. Hiki hufanya tofauti: hujishona kwenye kromosomu za kuku, yaani nyuzi zinazobeba DNA yake, na hupendelea ncha zake, yaani telomea. Mwaka 1993 Delecluse na Hammerschmidt walionyesha kwamba DNA ya kirusi imo ndani ya kromosomu za seli za uvimbe. Baadaye ikabainika jinsi kinavyofika pale. Telomea za kuku zimeundwa kwa herufi za DNA, TTAGGG, zinazojirudia tena na tena, na kirusi kina mafungu ya herufi hizohizo kwenye jenomu yake, yaani DNA yake yote. Watafiti walipoyaondoa mafungu hayo, kirusi kilishindwa kujishona vizuri na uvimbe ukapungua. Kirusi cha herpesi namba 6 cha binadamu nacho hujishona kwenye telomea, ndiyo maana wanaosoma kuku na wanaosoma binadamu wanafuatilia kazi za wenzao kwa karibu.

Kulala hakumaanishi ukimya mtupu. Kati ya jeni zaidi ya 100, nyingi huzimwa, lakini chache hubaki zikifanya kazi. Muhimu kuliko zote ni Meq, jeni inayozuia seli isife na kuisukuma igawanyike. Seli inapogawanyika, nakala ya kirusi hurithiwa pamoja na kromosomu bila kirusi kuzalisha chembe hata moja. Humohumo ndimo saratani ya mahepe inamoanzia.

Nimepata DNA ya kirusi kwa PCR, kipimo kinachonakili DNA mara nyingi ili ionekane. Je, nimethibitisha kuwa kimelala?

Hapana. Umethibitisha kuwa kipo, basi. Kirusi kinachozaana kina DNA pia, na hata mabaki ya kirusi kilichokufa huonekana kwenye PCR. Mimi hudai mambo matatu kwa pamoja: DNA iwepo, jeni za kuzaana, kama zile za protini za ganda, ziwe kimya ukipima RNA, yaani nakala ambazo jeni hutoa zikifanya kazi, na kirusi kiweze kuamka na kuambukiza seli nyingine. Hilo la tatu ndilo watu hulikwepa kwa sababu ni la kuchosha, na ndilo lenye uzito. Kirusi kisichoweza kuamka tena hakijalala, kimekufa. Ukiweza, ongeza picha za hadubini zenye alama za mwanga zinazoonyesha kirusi kimekaa kwenye ncha za kromosomu.

Kwa nini tusitumie seli za kiinitete cha kuku? Ni rahisi kukuza.

Ni rahisi kweli, na kwa kukuza kirusi ni nzuri. Lakini katika fibroblasti za kiinitete, yaani seli za tishu unganishi, kirusi huzaana tu, hakilali. Usingizi wake uko kwenye seli T, na seli T zikitolewa mwilini hufa upesi. Kwa hiyo wengi hutegemea seli zilizotokana na uvimbe, kama MSB-1 iliyopatikana Japani miaka ya 1970, ambazo hukuzwa kwenye nyuzijoto 41 kama mwili wa kuku. Ni chombo kizuri, ila ukumbuke kuwa seli hizo zimeshakuwa saratani, na matokeo yake yasisomwe kana kwamba ni ya seli T ya kawaida. Mwaka 2015 watafiti nchini Ujerumani walifaulu kuambukiza seli B na seli T nje ya mwili kwa kuzipa vichocheo vya kuziweka hai. Ningekuwa naanza leo, ningeanzia hapo.

Kirusi kilicholala huamshwa kwa kutumia kitu gani?

Kemikali iitwayo sodiamu butireti hutumika sana. Hulegeza protini zilizoibana DNA, na jeni zilizozimwa zikawaka. Wakati mwingine kuzitoa tu seli mwilini na kuziweka kwenye chupa hutosha kumwamsha mlalaji. Usishangae sehemu ndogo tu ya seli ikiitikia. Hesabu seli mojamoja, maana wastani wa chupa nzima utakuficha mengi.

Kinaambukiza binadamu?

Hapana.

Chanjo huking'oa kirusi kilicholala?

Haikiondoi, wala haizuii maambukizi. Huzuia uvimbe na kifo, na ndiyo sababu kifaranga huchanjwa siku ya kuanguliwa au akiwa bado ndani ya yai, kabla hajakutana na vumbi. Chanjo nyingi za mahepe ni seli hai zilizoambukizwa kirusi dhaifu, kwa kuwa kirusi hiki hakitoki chenyewe kwenye seli zinazokuzwa maabarani. Huhifadhiwa kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Seli zikifa kwa kuyeyushwa vibaya, kilichobaki kwenye sindano hakimkingi kifaranga.