Kuhusu koltani uliyoniuliza

Mwanangu Neema,

Nimesoma ujumbe wako. Unasema mwalimu wenu alifungua simu mbovu, akawaonyesha kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, ndogo ya njano yenye mstari upande wa chanya, akawaambia ndani yake mna tantali. Ukaniuliza: "Papa, ndiyo ile koltani uliyokuwa ukinunua Masisi? Mbona wasitumie madini mengine? Na nione haya kuwa na simu?"

Huenda ndiyo, maana koltani ni mawe meusi ambayo metali ya tantali hutolewa ndani yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kuwa Rubaya, machimbo ya huko kwetu Masisi, Kivu Kaskazini, peke yake hutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Nyingine hutoka Rwanda, Brazil, Nigeria na Australia, na ikishafika kiwandani yote huyeyushwa pamoja kwa asidi, hata haijulikani tena ipi ilitoka shimo gani.

Sababu ya kuitaka ni utando wake. Tantali ikikutana na oksijeni hujivika utando mwembamba sana ambao umeme haupiti na asidi nyingi haziutoboi. Viwandani hushindilia unga wa tantali na kuupasha moto mpaka chembe zishikane huku zikibaki na matundu tele, kisha hupitisha umeme ndani ya maji yenye asidi ili kila chembe ijivike utando huo. Eneo linakuwa kubwa na utando mwembamba, ndiyo maana kapasita ndogo kama punje ya mchele hubeba chaji nyingi na kudumu miaka. Utando huohuo ndio unaofanya mwili wa binadamu uikubali tantali, hata madaktari huitumia kwenye mifupa. Mbadala upo: bei ilipopaa mwaka 2000, viwanda vingi vilihamia kapasita za kauri. Lakini si kila mahali zinafaa.

Sasa nikueleze lile mwalimu wako hakuliona. Mchimbaji huingia shimoni na nyundo, patasi na tochi kichwani. Udongo hubebwa kwa magunia hadi penye maji, humwagwa mferejini na kukorogwa kwa koleo. Ule mwepesi huondoka na maji, mweusi mzito hubaki chini. Mkebe wa maziwa ukijaa huzidi kilo. Mimi niliupima kwanza kiganjani, kisha nikapitisha sumaku kutoa chembe za chuma. Lakini bei hufuata asilimia ya tantali, na mashine ya kupima asilimia ilikuwa kwa wanunuzi wakubwa wa mjini. Aliyechimba alitajiwa namba tu. Hapo ndipo alipopunjwa, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria inayozitaka kampuni zieleze madini yao yametoka wapi, ili fedha yake isiwafikie wenye bunduki. Septemba mwaka huohuo serikali yetu ya Kongo kule Kinshasa ikafunga uchimbaji wa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Wenye bunduki hawakuondoka. Walioumia ni wazazi waliotegemea gunia moja kulipa karo. Baadaye zikaja lebo zenye namba kwenye magunia, za kuonyesha shimo yalikotoka. Zilisaidia kiasi, ila lebo nayo hununuliwa. Na Aprili 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa waasi wa M23, ambao, kwa ripoti ya wataalamu haohao ya mwaka huo, walikuwa wakikusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na madini hayo.

Kwa hiyo siungi mkono wanaosema dunia iache kununua koltani yetu. Nimeshaona mashimo yakifungwa, na nimeona nani alilala njaa. Wala usione haya kwa simu yako, mama. Wewe unasomea umeme, na wenzako wengine watakuja kuajiriwa na kampuni zinazonunua kapasita hizi. Waambie wasitosheke na kuuliza gunia limetoka wapi. Waulize pia mchimbaji alilipwa kiasi gani, na kama alionyeshwa asilimia kabla ya kuuza.

Mama yako anakusalimu sana. Karo ya muhula huu nitaituma mwisho wa mwezi.

Ni mimi papa yako