Kumwaga maji ya dodo

Dada, umeuliza kama kumwaga maji ya dodo (mchicha) kunapoteza vitamini. Ndiyo, ukimwaga maji uliyochemshia unapoteza vitamini C na foleti (vitamini B9), maana huyeyuka majini. Osha majani kabla ya kukata, si baada. Weka maji nusu kikombe tu, funika sufuria, dakika 5 hadi 7 zinatosha. Maji yakibaki, tia kwenye mchuzi. Magadi usitie: hulainisha upesi, kweli, lakini huharibu vitamini C na B1.

Vitamini A ni habari nyingine. Haiyeyuki majini, inataka mafuta ili mwili uifyonze, kwa hiyo mchuzi wa karanga juu ya dodo si anasa. Vitamini B12 usiitafute kwenye majani wala matooke (ndizi za kupika). Kula mukene (dagaa), mayai au maziwa.