Mwacheni avae shati mwenyewe: majibu kwa wanaouguza majeruhi nyumbani

Mwanangu alianguka na bodaboda, akavunjika mfupa wa paja, akatiwa chuma hospitalini pale Makadara. Daktari amesema akanyage kidogo kidogo kwa magongo, lakini ashinda kitandani. Twamwogesha, twamlisha. Tufanyeje? (Mama, Likoni)

Mamangu, mapenzi yenu ndiyo yanayomchelewesha. Chuma hushika mfupa. Nguvu ya msuli hakiirudishi. Mfupa wa paja kwa mtu mzima huchukua kama miezi 3 hadi 6 kuunga, na muda huo msuli usiotumika hunywea, goti lisilokunjwa hukaza.

Anzeni na mikono, maana haikuumia. Asubuhi mwekeeni shati, aketi ukingoni mwa kitanda, alivae mwenyewe. Atatoka jasho, kifungo kitamponyoka, na mikono yenu itawawasha kumsaidia. Mwacheni. Kisha akiwa ameketi vivyo hivyo aunyooshe mguu taratibu mpaka msuli wa juu ya goti ukaze, ahesabu hadi 5, aushushe. Arudie mara 10, asubuhi, mchana na jioni, ila kama mtaalamu wake wa fizio, yaani mazoezi ya viungo, amempangia vingine. Mbaazi na mahamri mpikieni, lakini aziendee mezani kwa magongo yake.

Maumivu ya mazoezi hutulia akipumzika. Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na kuuma, au akikosa pumzi ghafla, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo: huenda damu imeganda mshipani. Na mguu huo msiukande hata kidogo.

Nyanya ashikilia tumpeleke mdogo wangu kwa mkandaji, kiwiko alichovunjika kimekaza. (Kisauni)

Msimpeleke. Kiwiko kikivutwa na kukandwa kwa nguvu, msuli waweza kuota mfupa ndani yake, na hapo kukikunja huwa shida kubwa zaidi. Akikunje mwenyewe, kwa nguvu zake, kama alivyoonyeshwa kliniki. Nyanya mpeni kazi ya kumhesabia. Ataifanya vizuri kuliko nyote.

Mguu wangu ulikatwa chini ya goti, lakini vidole vyake bado nahisi vyaniwasha. Watu wasema ni jini. (Mwembe Tayari)

Si jini, ndugu yangu, wala si wazimu. Neva zilizokatwa hutuma habari, na ubongo bado unaujua mguu ule. Wengi waliokatwa kiungo huhisi hivyo. Mwambie daktari, dawa zipo. Usilale na mto chini ya goti: likizoea kukunjika, mguu bandia hautakukaa sawa.

Mume wangu ameumia uti wa mgongo, hana hisia kuanzia kiunoni kushuka chini. Naogopa vidonda. Ndugu zake huja kumjulia hali, wakaondoka. Nimechoka mpaka namfokea. (Changamwe)

Dadangu, pole sana. Kitandani ageuzwe kila saa 2, usiku pia. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu ajiinue kwa mikono kila dakika 15 hadi 30. Mchunguze kila siku matako, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo pitisha kiganja: palipo na joto au ugumu kuliko pembeni yake, asipalalie wala kupakalia mpaka pawe sawa. Msimkalishe juu ya kata ya nguo, hubana damu. Maji ya kuoga yapime wewe kwanza kwa kiwiko.

Hilo la kugeuza si kazi ya mtu mmoja. Ndugu zake wakija tena, usiwape soda tu. Mwonyeshe kila mmoja namna ya kumgeuza, mbele yako, mpaka aweze. Kisha mgawane usiku, majina yabandikwe ukutani. Mume wako naye ajue ratiba, aite wa zamu kwa sauti yake mwenyewe. Akipata nguvu ya kukaa kutwa, mpelekeni Bombolulu, ambako tangu 1969 watu wenye ulemavu wanafanya kazi za mikono na kulipwa. Aongee nao kabla hajaamua kwamba maisha yake yamekwisha. Nawe, usingizi ukikupotea wiki nzima au hasira ikafika mkononi, mwone daktari kwa ajili yako.