Maswali na Majibu: Katuni za Darini na Njaa ya Mwezi wa Tatu

Barua zimejaa tena, na nusu yake ni ile ile. Fedha za korosho zimeisha, salfa ya mikorosho haijanunuliwa, na ghafla Mtwara nzima imekumbuka kwamba kuna sanduku la katuni darini. Nimechagua chache. Wengine mtasubiri.

Shikamoo mzee. Nasikia uchumi wa dunia ukiyumba, hata katuni zenye thamani hushuka bei. Ni kweli? (Msomaji, Newala)

Marahaba. Ni kweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayowaponza watu.

Chukua Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ile iliyomleta Superman. Ilipotoka iliuzwa senti 10 za Marekani. Machi 2009, mabenki yameanguka na watu wananyang'anywa nyumba, nakala moja ya hali ya wastani ilinunuliwa kwa dola 317,200. Februari 2010, wakati ambapo Marekani karibu mtu mmoja katika kila kumi wa nguvu kazi hakuwa na ajira, nakala nyingine, safi zaidi, ikauzwa dola milioni 1. Siku chache baadaye Detective Comics namba 27 ya 1939, alimotokea Batman mara ya kwanza, ikapita hapo. Yote hayo ndani ya msukosuko uliosemwa kuwa mbaya kuliko wowote tangu ule wa miaka ya 1930.

Imekuwaje? Wenye fedha hawakuishiwa, waliogopa. Hisa zimewatisha, akiba benki haizai kitu, wakatafuta pa kuzihifadhi. Na nakala za namna ile ni chache mno, kwani wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi zilikusanywa nyumba kwa nyumba zikasagwe upya, na katuni za watoto zilikwenda humo kwa marobota.

Sasa shuka ngazi uje huku chini tuliko. Katuni ya kawaida, ya hali ya kawaida, mnunuzi wake ni mwalimu, fundi, karani. Mshahara ukiyumba anaacha kwanza mambo ya kujifurahisha. Kisha anafanya jambo la pili, baya zaidi kwa bei: anatoa sanduku lake naye auze. Jana alikuwa mnunuzi, leo ni muuzaji mwenzako. Hapo bei inaporomoka, na kitabu hakijachanika hata ukurasa.

Watu wa korosho hatuhitaji kufundishwa hili. Korosho ya kangomba, ile inayouzwa kwa magendo nje ya chama, ina ubaya gani kuliko ya ghalani? Imetoka mti ule ule. Kilichoisha ni subira ya mwenye shamba. Mtoto anadaiwa michango, dukani daftari la madeni limejaa, basi jioni anapimiwa kwa bakuli nyuma ya nyumba na kesho yake anaona haya kupita mbele ya mizani ya chama. Katuni nazo zina wanunuzi wao wa kangomba. Utawaona Machi. Novemba, watu wakiwa na fedha, hawaonekani.

Na usidhani kila msukosuko hufanana. Mwaka 2020, kwa ugonjwa wa korona, maduka ya Marekani yalifungwa na kwa wiki kadhaa hata usambazaji wa katuni mpya ukasimama. Wengi tulitabiri maafa, mimi mmojawapo. Kumbe watu wamefungiwa ndani, wametumiwa hundi za serikali, na hawana pa kuzitumia. Bei zikapaa. Septemba 2021 Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, aliyoanzia Spider-Man, iliuzwa dola milioni 3.6. Mwaka uliofuata riba zikapandishwa, fedha za bure zikakauka, na waliokuwa wamenunua matoleo ya kawaida kwa bei ya kilele wakabaki wameyakumbatia. Kwa hiyo ukitaka kujua katuni zitakwenda wapi, achana na taarifa za pato la taifa. Uliza fedha ziko mikononi mwa nani, na zina haraka gani.

Nina katuni ya zamani sana. Bei gani? (Hakuandika anakoishi)

Ya zamani kama nani?

Mjomba wangu alikuwa baharia. Aliniachia katuni ya kifo cha Superman, bado imo ndani ya mfuko wake mweusi wa plastiki, haijafunguliwa. Nimeambiwa nitajenga nyumba. (Kijana, Shangani)

Mungu amrehemu mjomba. Nyumba hutajenga, labda banda la kuku, nalo usianze kununua mabati.

Hiyo ni Superman namba 75, ya mwishoni mwa 1992. Siku ilipotoka watu walipanga foleni kama ya sukari enzi za vita vya Kagera, kila mmoja akinunua nakala tatu, nne, kumi, akaziweka kwa ajili ya ada ya mwanawe. Zilichapwa kwa mamilioni. Sasa fikiria: kitu kilichochapwa kwa mamilioni, na kila aliyenacho amekitunza vizuri kwa matumaini ya kutajirika, kitaadimika lini? Action Comics ya 1938 ni ghali kwa sababu watoto waliisoma, wakaikunja, wakaichana, mama zao wakaitupa. Ya mjomba wako haikutupwa na mtu.

Mwaka mmoja kabla yake X-Men namba 1 ilikuwa imechapwa zaidi ya milioni 8, yenye majalada ya aina mbalimbali ili mtu mmoja anunue yote. Wakati huo uchumi wa Marekani ulikuwa ukipata nafuu, si ukianguka. Ila soko la katuni lilianguka lenyewe, kwa uroho wake, maduka yakafungwa kwa wingi, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel, wachapaji wa hiyo X-Men, ikaomba kinga ya kufilisika. Hili nalirudia kila mwaka na kila mwaka naulizwa upya: anguko kubwa kuliko yote katika biashara hii halikuletwa na mdororo wa uchumi. Lililetwa na watu waliokuwa wananunua vitabu wasivyovisoma.

Ufungue mfuko, usome. Mjomba hakukuletea kwa ajili ya dalali.

Nina majarida ya katuni ya Sani ya miaka ya 1980, kama thelathini hivi. Maisha magumu. Niuze sasa au nisubiri? (Mama, Lindi mjini)

Dada yangu, kwako nitasema taratibu.

Katuni zetu hazina mnada, hazina orodha ya bei, wala hakuna anayezipima hali yake kwa namba. Bei ni ile atakayotoa mtu mmoja aliyekua akizisoma na sasa ana uwezo: yuko Dar es Salaam, yuko Muscat, huenda ni mtafiti wa chuo fulani Ulaya. Watu hao ni wachache, na Lindi hawapiti kila siku. Ndiyo maana mdororo wa New York hauwagusi sana hao Ndumilakuwili na Lodi Lofa wako. Unaokugusa ni mdororo wa jikoni kwako.

Ukiwa na haraka utauza kwa bei ya karatasi ya kufungia karanga. Najua, kwa sababu nimefanya. Mwaka mmoja korosho zilikwenda mrama, nikamuuzia mtu mmoja fungu zima la majarida yangu ya picha, yale ya Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na sigara, ambayo sisi wa rika langu tuliazimana mpaka yakabaki bila majalada. Nililipia deni la dukani. Miezi minane baadaye nimeshiba, nikamfuata niyanunue tena. Alinitajia bei nikakaa chini.

Kwa hiyo: kama ni dawa au ada, uza, kitabu hakimzidi mtoto. Lakini uza matano, usiuze thelathini. Toa kwanza yaliyochanika. Yenye majalada kamili na namba zinazofuatana yabakize, kwa kuwa mfululizo kamili una bei yake peke yake. Na kabla hujauza, mwanao ayapige picha ukurasa kwa ukurasa. Nchi hii haijui kutunza karatasi zake. Hizo thelathini zako huenda ni nyingi kuliko zilizopo kwenye maktaba yoyote ya mkoa huku kusini.

Nimezipeleka stationery wakazipiga lamination zisiharibike. Nimefanya vizuri? (Masasi)

Umezizika. Pole.

Je, kwa sababu bei zimeshuka, nikope VICOBA ninunue nyingi nisubiri zipande? (Tandahimba)

Hapana. VICOBA wanataka marejesho kila wiki. Katuni haitagi kila wiki.

Kuna bwana kanipigia, anasema ana mnunuzi Marekani, nitume laki mbili ya cheti cha ubora kwanza. (Mikindani)

Mwambie akate hiyo laki mbili kwenye fedha za mnunuzi. Utasikia simu inavyokatika.

Upimaji upo kweli, nisieleweke vibaya. Kampuni ya CGC inafanya kazi hiyo tangu 2000. Inatoa alama kutoka 0.5 mpaka 10, kisha inakifungia kitabu ndani ya plastiki ngumu. Ila wewe ndiye unayewatumia kitabu na kuwalipa wao wenyewe. Hakuna wakala anayekaa Mikindani na kutoa cheti kwa simu. Na ukijumlisha ada, usafirishaji na ushuru, kupima kitabu cha dola 20 ni kununua ng'ombe ili upate mkia. Hii michezo huongezeka njaa ikiongezeka. Mwenye shida husikiliza simu mpaka mwisho.

Chumba changu cha bati, joto na unyevu wa bahari. Nizitunzeje? (Chikongola)

Zitoe chini sakafuni, mchwa hawapigi hodi. Ziwe mbali na ukuta wa nje na mbali na dirisha. Usizibane kwa selotepu, baada ya miaka inageuka kahawia na kula karatasi. Pini za katikati zikianza kutu, ziondolewe kwa ukucha na subira, si kwa koleo. Kipindi cha kifuku fungua sanduku siku ya jua, uzipe hewa kivulini. Juani hapana, rangi inakimbia.

Mzee, nina rupia ya Mjerumani yenye tembo…

Safu hii ni ya katuni. Nimesema, nasema tena. Ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora 1916 ina tembo na ina bei. Yako, ukiikwaruza kidogo nyuma, naogopa utaona shaba. Tena usiikwaruze; ikiwa ya kweli utakuwa umeiharibu.

Mbona hukujibu barua yangu ya mwezi uliopita kuhusu thamani ya katuni yangu? (Ligula)

Hukuandika jina la katuni.